Joto la Kesho

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hufagia zahanati yetu. Nasema yetu kwa sababu mama ndiye muuguzi pekee hapo, na nyumba yetu iko nyuma yake tu. Mwezi huo tulikuwa na mgeni, mwanafunzi wa udaktari aliyetumwa na chuo kujifunza kazi ya kijijini. Nilimwita Dada Viatu, maana kwa kuogopa nyoka alivaa viatu vya kufunga kamba hata kwenda bafuni. Jioni alinifundisha hesabu, nami nilimpenda sana. Fomu yake ya chuo iliuliza kama angependa kufanya kazi kijijini. Alishajibu hapana, kwa penseli.

Siku ya kliniki ya watoto, mama alikuwa mjini kwenye mkutano tangu jana yake. Kwenye mlango wa friji ya chanjo hubandikwa karatasi ya joto. Kipimajoto husomwa asubuhi na jioni, namba ikaandikwa hapo, nayo isipungue mbili wala kuzidi nane; kazi hiyo mama alimwachia Dada Viatu. Nikiwa nafagia, nikaitazama karatasi: nne, nne, nne, mpaka jioni ya kesho. Jamani, kesho yenyewe haijafika! Nikatazama kipimajoto. Kumi na sita. Mtungi wa gesi unaoendesha friji ulikuwa umeisha.

Dada Viatu aliingia na sinia la sindano. Nilipomwonyesha, alikaa kitini. Alikiri kwamba namba zote aliziandika jana kwa mara moja, akidhani huku hakuna wa kukagua. Akaniomba nimfichie, kwani chuo kikijua kitamfukuza. Nje akina mama walishajaa kwenye benchi, na wa kwanza alikuwa shangazi yangu na kichanga chake.

Niliogopa vibaya. Nikisema, nimemponza dada yangu. Nikinyamaza, je? Mama alishanieleza kwamba chanjo ikipata joto huharibika, mtoto huchomwa bure, na ugonjwa ukija unamkuta hana kinga.

"Dada," nikasema, "wa kwanza ni mtoto wa shangazi. Utamchoma?"

Aliliweka sinia mezani. Kisha akajifuta machozi, akatoka barazani na kuwaambia akina mama ukweli wote: amekosea, leo hakuna chanjo, warudi Ijumaa. Shangazi alifoka sana, maana alikuwa ametembea saa mbili. Dada Viatu alivumilia, kisha akampigia mama simu.

Mama alirudi jioni na mtungi mpya wa gesi, na chanjo mpya kwenye kisanduku cha barafu. Alisema ripoti ataiandika, kosa na ukiri vyote. Dada Viatu akasema kinachomtisha kijijini si nyoka, ni kuwa peke yake na wagonjwa.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," mama akamwambia. "Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nalia jikoni. Lakini mgonjwa wa huku hana daktari wa pili wa kumwuliza. Akikosa ukweli kwako, ameukosa kabisa. Andika unachokiona, hata kama kinakutia aibu."

Kisha akanishika bega, akasema nami nilifanya vema kutonyamaza.

Ijumaa Dada Viatu mwenyewe ndiye aliyemchoma mtoto wa shangazi. Baadaye nikaiona fomu yake mezani. Hapana ilikuwa imefutwa, na mahali pake ameandika: Bado naogopa.

Mama aliisoma, akatabasamu. "Angalau safari hii," akamwambia, "umesoma kipimajoto kabla ya kuandika."