Pete ya Bawaba

Soko lilikuwa limefurika, watu wanasukumana kama nini, lakini ndani ya kibanda cha sonara kilichosikika ni kisumeno tu, kikikata pete ya ndoa ya mama mmoja. Kidole kilikuwa kimevimba mpaka pete imezama. Binti yake, fundi cherehani, alimshika bega, jasho likimtiririka ndani ya gauni la kijani la mikono mirefu.

Pete ikakatika. Mama akashusha pumzi. Sonara, kijana mwenye chengachenga za dhahabu kwenye nyusi, akamwinulia binti macho.

"Dada, joto lote hili na mikono mirefu? Au umekimbia na kitambaa cha mteja?"

"Umeitwa kukata pete, kaka. Nguo niachie mimi."

Walipeana namba, na tangu hapo simu ya binti haikutulia. Asubuhi anaulizwa kama amekunywa chai, mchana anaitwa Bi Mikono na kuambiwa saa haziendi. Cherehani ikawa inakimbia yenyewe. Wakionana, moyo unamdunda hadi anaogopa wapita njia watausikia.

Jumamosi moja, kibandani, sonara akashika vipimo vya pete.

"Nipe kidole, kipenzi. Nataka kukuoa."

Furaha ikampanda mpaka kooni. Papo hapo akakiona akilini kidole cha mama yake kilivyovimba. Akavuta mkono, akachukua mkoba, akatoka. Sonara akadhani yupo mwanaume mwingine. Alipiga simu siku tatu, haikupokelewa. Siku ya nne hakupiga.

Mama ndiye aliyeuliza, amekumbatia kikombe kwa viganja viwili kwa kuwa vidole havikunjiki, mkwe wake kapotelea wapi. Binti akamwaga yote.

"Mimi nilimficha baba yako," mama akasema. "Alipokuja kujua, magamba ya ngozi yangu hayakumuuma. Kilichomuuma ni kufichwa. Nenda, mwanangu."

Binti akachukua mkasi, akaikata mikono ya lile gauni la kijani, akaenda mchana kweupe. Mbele ya sonara akageuza viwiko: mabaka mekundu, juu yake magamba meupe.

"Inaitwa soriasisi. Haiambukizi, ila imo kwenye ukoo wetu. Bibi alikuwa nayo, mama imemwingia hadi kwenye viungo. Daktari anasema huenda mimi isifike huko, huenda na watoto wasiipate, lakini hawezi kuniapia. Nikianza kuamka na vidole vizito, niwahi, dawa zipo. Ni hayo tu. Hakuna mwanaume mwingine."

Sonara alimtazama viwiko, akamtazama usoni. Akamwambia arudi Jumatano.

Siku nne za kungoja, binti alishona kola ya mteja kichwa chini miguu juu, akafumua, akarudia.

Jumatano sonara alimtolea pete nyembamba. Upande mmoja ina bawaba ndogo kama ya mlango, upande wa pili kifungo.

"Ya mama niliikata, na roho iliniuma. Yako hakuna atakayeikata. Kidole kikivimba unafungua, kikitulia unavaa."

"Na kisipotulia?"

"Naongeza kipande. Kwani kazi yangu ni nini?"

"Na watoto wakizaliwa nayo?"

"Watakuwa na mama anayeijua na baba asiyeikimbia. Tutawawahisha kwa daktari."

Binti akaivaa. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, masikio yake yakinywa ule mlio mdogo: ta. Machozi na kicheko vikamjia pamoja.

"Bi Mikono, ni ndiyo, au umekuja kuchezea mali ya watu?"

"Mikono nimeshaikata, tafuta jina jingine," akasema. "Ndiyo."

Ta. Akaifunga.