Upande wa Kulia wa Bibi Harusi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere alikuwa bandani akizoa samadi na kumpiga brashi Bibi Harusi, farasi jike aliyeachwa na marehemu babu yake. Babu ndiye aliyempa jina hilo, kwa maringo yake.

"Mgongo wake mrefu," alisema Shangazi, mfunzaji wa farasi. "Farasi wa hivi hupata taabu kuingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo, na shoti nzuri, mbio za kurukaruka, hutoka huko nyuma. Mzungushe kushoto na kulia, sawasawa. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Kusikia alisikia. Lakini kushoto Bibi Harusi alikwenda kama maji, na kulia alijikwaa na kununa. Basi Shangazi akienda mabanda mengine, Kiherehere alimzungusha kushoto tu.

Jumamosi moja akaja mwalimu wa shule jirani ya kupanda farasi kumtazama Bibi Harusi, maana alikuwa anauzwa. Akimpenda, Bibi Harusi angebaki jirani, akibeba watoto. Asipompenda, angeuzwa mbali.

Kiherehere alipanda. Kushoto: ta-ta-ta! Kwato zikapiga mara tatu, zikaelea kidogo, zikapiga tena.

"Huyooo!" Shangazi akapiga kigelegele.

Kisha kulia. Miguu ikagongana, shoti ikakatika.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Ni umbo. Mgongo mrefu mno. Hanifai."

Kiherehere angeweza kunyamaza. Akaruka chini. "Si mgongo, Mwalimu! Ni mimi. Kulia sikumfundisha."

"Na kila siku unaniambia 'tayari, Shangazi'!" Shangazi akamaka.

Mwalimu akampapasa farasi. Upande mmoja misuli imejaa, mwingine imelegea. "Kweli. Nitarudi mwisho wa mwezi. Lakini siahidi kitu."

Hapo kazi ikaanza! Kiherehere na Shangazi walilaza magogo chini, Bibi Harusi akayavuka polepole ili ainue miguu. Mtoto na farasi wakazunguka kulia, kulia tena, jasho likiwatiririka wote wawili. Kwanza shoti ilidumu hatua chache, halafu nusu duara.

Mwalimu aliporudi, Kiherehere aligeuza kulia. Ta-ta-ta! Duara zima! Ta-ta-ta! La pili!

"Jamani, huyu ni yule yule?" Mwalimu akacheka. "Namchukua!"

Kiherehere akamkumbatia farasi shingoni, akilia na kucheka.

"Umbo amezaliwa nalo," Shangazi alisema, akimfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Shoti tunamfundisha sisi, na kazi tuliyoikwepa huonekana mwilini mwake. Ungenyamaza siku ile, angeondoka na lawama yako mgongoni. Umesikia?"

"Safari hii nimesikia kweli, Shangazi."