Gazeti la Nane

"Mzigo umefika mezani," sauti ya Anicet ilisema sikioni mwake. "Una dakika kumi na tano, dada."

Asifiwe alipanda ngazi za kituo cha treni cha T-Centralen mbili mbili, kola juu, bastola ya Glock 19 ikimbonyeza ubavuni. Saa nane mchana, Januari, na jua la Stockholm lilikuwa limeshakata tamaa.

"Narudia," Anicet alisema. Alikuwa ameketi ndani ya Volvo ya kijivu, nje ya ukumbi wa maonyesho. "Majina tisa na anwani tisa, ndani ya gazeti moja la mwaka 1846, habari za Wamormoni, wale waumini wa Marekani. Yamefichwaje, mimi sijui, wala Mkuu wetu hajui. Mnunuzi akiondoka nayo, kesi ya dhahabu imekufa."

Kesi, na watu wake.

Mashahidi tisa walikuwa wameona dhahabu ya Kivu ikivushwa mpaka, na wachimbaji wakipigwa risasi. Wa nne alikuwa Dancille, msusi wa mtaa wa Rinkeby. Asifiwe ndiye mpelelezi aliyemshawishi aseme. Juzi Dancille alimsuka, akampaka jeli nzito kwenye kingo za nywele, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umeniapia hawatajua ninapolala?"

"Nimekuapia."

Ukumbi ulinuka vumbi na kahawa. Meza sitini za magazeti ya kale.

"Anza na za mbele," Anicet alisema.

Za mbele zilikuwa na vita na wafalme tu. Dakika sita zikapotea.

"Naenda nyuma," Asifiwe alinong'ona.

Kwenye meza ya mwisho, mzee mmoja Mswidi alikuwa akimimina kahawa kutoka kwenye chupa. Alimsikia.

"Unatokaka wapi, mwanangu?" aliuliza kwa Kiswahili cha Kivu.

Mkono wa Asifiwe ulikaribia koti. "Uvira."

"Mimi nilizaliwaka Lemera. Naitwa Mikael. Baba alikuwa mmisionari. Nilikula bugali na ndagala wa ziwani mpaka miaka kumi na mbili. Hapa tunakula viazi na huzuni."

"Mzee, una magazeti ya Wamormoni?"

"Manane." Aliyatandaza kama mtu anayelaza watoto. "Walifukuzwa Nauvoo, mji wao, wakati wa baridi, wakavuka mto katikati ya barafu, wakaelekea magharibi na magari ya ng'ombe. Magazeti yaliwahesabu: wangapi wamepita, wangapi wamezikwa. Babu wa mama yangu aliwafuata baadaye. Ndiyo maana nakusanya."

"Yote ni yako?"

"Saba. La nane limeletwa asubuhi, mwenyewe anakuja kulichukua. Linanitia aibu. Ukiligusa utalijua."

Asifiwe alivua glovu.

Mama yake aliuza vitenge sokoni Uvira. Vidole vya Asifiwe vilijua pamba kabla ya kujua kalamu. Gazeti la kwanza lilikuwa laini, imara, bado jeupe. La pili vilevile. La tatu.

La nane lilikuwa la kahawia, zee la kupendeza macho. Alilikunja kidogo. Kona ikavunjika kama biskuti.

"Umeona?" Mikael alisema. "Miaka ile karatasi ilitengenezwa kwa matambara. Inaishi kuliko sisi. Hiyo ni karatasi ya mti, imelowekwa kwenye chai. Wajinga wanadhani cha zamani lazima kichakae."

Asifiwe alichomoa kioo cha kukuzia kwenye funguo zake. Wino wote ulikuwa umefifia. Isipokuwa nukta moja, mwisho wa kichwa cha habari. Nyeusi. Inang'aa.

Filamu ndogo, majina yote tisa ndani yake.

Aliikwangua kwa ukucha. Ikabanduka kama gamba la dagaa.

"Hilo ni langu," sauti ilisema nyuma yake.

Sixte, dalali wa dhahabu ya Kivu. Picha yake ilikuwa imebandikwa juu ya dawati la Asifiwe kwa miezi saba. Alivaa glovu nyeupe za pamba.

"Magazeti hayashikwi na glovu, bwana," Mikael alisema. "Zinachana."

"Sipendi kugusa vitu vya maiti." Sixte hakumtazama. Alifungua koti kiasi cha kuonyesha kitako cha bastola. "Vidole, mdogo wangu. Nionyeshe."

Kwenye meza ya jirani watu walikuwa wakicheka.

Asifiwe alijipapasa nywele za mbele, kama mwanamke aliyeona haya. Kisha akanyoosha vidole kumi. Sixte aliinama. Alikagua kucha moja moja, bila haraka.

Safi.

"Umependeza," alisema. "Nani amekusuka?"

"Dada mmoja."

"Ana mkono mzuri. Mke wangu anatafuta msusi. Anakaa wapi?"

"Mbali."

"Hakuna mbali." Alitabasamu, akachukua gazeti lake, akaenda.

"Ameondoka nalo?" Anicet aliuliza.

"Ameondoka nalo."

"Na nukta ipo?"

Asifiwe alisimama palepale. Polepole alikitoa kile kidude cha kusikilizia sikioni, akakizamisha ndani ya kikombe cha Mikael. Kisha akapiga simu.

"Mkuu. Sixte yuko mlango wa kaskazini, ana silaha. Na mkamateni Anicet."

"Anicet amefanya nini?"

"Ameniuliza kuhusu nukta. Sijamtajia mtu nukta."

"Kaa hapo hapo."

Kupitia dirishani aliona Sixte akilazwa kifudifudi na askari kwenye theluji, glovu zikilowa. Mbele kidogo, askari walifungua milango minne ya Volvo ya Anicet kwa pamoja.

"Kahawa yangu," Mikael alisema.

"Nitakulipa kwa ndagala, mzee."

Saa kumi, giza tayari, aliketi kwenye kiti cha saluni Rinkeby.

"Juzi tu nimekusuka," Dancille alilalamika. "Umelalia nini?"

"Nifute jeli hapa mbele. Kuna uchafu."

Dancille alifuta, akaitazama karatasi ya shashi. "Kadoa keusi tu." Kwenye meza palikuwa na kiberiti cha gesi, cha kuchomea ncha za rasta. "Nitupe?"

"Choma."

Moto ulimeza shashi kwa pumzi moja. Dancille akapuliza majivu kutoka kwenye kiganja chake.

"Haya. Umeridhika?"

Asifiwe alisimama, akainua kola.

"Leo utalala vizuri," alisema, akatoka.