Talaka ya Shuwari

"Ametamka. Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili."

"Amesoma, Bi Tatu. Kusoma si kutamka."

"Amesoma wapi, naye macho hayakuwa kwenye daftari? Yalikuwa kwenye pazia. Na nyuma ya pazia yupo nani, Mwinyimvua? Hebu niambie."

Mwinyimvua, fundi cherehani, aligeuka kulitazama pazia. Hata wapita njia wakasimama kutazama kulikoni.

Nyuma ya pazia alikuwepo Mauza, mke wa msomaji, amesimama na chano cha kahawa mikononi. Alikuwa amesikia kama walivyosikia wenzake. Mumewe Muhiddin, katikati ya hadithi, aliinua uso akasema kwa sauti kavu: "Mke wangu, nimekuacha kwa talaka tatu." Kisha akafunga daftari. Mwanzoni watu walidhani koo tu limemkauka.

Nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina mizizi yake. Mwaka ule wa thelathini na tatu, pale Mtaa wa Mchikichi, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, hapakuwa na Ijumaa isiyo na hadithi ya Muhiddin. Wiki nzima aliuza kanga na vitambaa vya marekani dukani kwa mjomba wake. Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, alikaa barazani kwake na daftari mapajani, na mtaa ukamjia. Hadithi ilikuwa ya nchi isiyokuwepo, yenye miungu wawili wanaogombea watu. Ngurumo alikuwa na mvua na hasira. Kivuli hakuwa na kitu ila ubaridi wake. Na kila mmoja aliwataka wafuasi kwa udi na uvumba, kwa sababu katika nchi ile mungu asiye na mfuasi hupungua siku hadi siku mpaka akatoweka, na hata jina lake likasahaulika.

Watu waliipenda hadithi ile kupita kiasi. Waligombana juu yake mpaka sokoni, mbele ya mafungu ya nyanya.

"Mimi ni wa Ngurumo mpaka kufa," Mwinyimvua alikuwa akisema. "Mungu asiyeogopwa atawapata wapi watu? Kivuli mpole mno. Angekuwa fundi, wateja wote wangemdhulumu."

"Kivuli haombi kitu, ndiyo maana anapendeza," akasema Bi Tatu, muuza vitumbua, mjane mwenye ulimi usio na likizo. "Lakini kusema kweli, mimi si wa huyo wala si wa yule. Mimi ni wa Shuwari."

"Shuwari si mungu, Bi Tatu. Ni mke wa Ngurumo tu."

"Tu? Nani anayebisha hodi kwa wagonjwa? Nani anayewasikiliza wajane hadi mwisho wa maneno yao? Huyo Ngurumo wako anajua kupiga radi, basi. Mwondoe Shuwari, hadithi yote itabaki makelele."

Watu walicheka, na wengi wakamuunga mkono. Muhiddin naye alicheka. Lakini Mauza, aliyekuwa akichungulia, aliliona taya la mumewe limekaza.

Alijua kwa nini. Muhiddin alikuwa akiandika hadithi yake vipande vipande kwenye karatasi za kufungia nguo, kwa mwandiko wa kuku. Mauza, aliyefundishwa kuandika na marehemu baba yake tangu utotoni, ndiye aliyeinakili kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari. Katika kunakili, akaona Ngurumo anatia huruma kwa upweke. Akamwandikia mke. Mstari mmoja kwanza, kisha ukurasa, kisha sura nzima. Muhiddin aliposoma mara ya kwanza alimbusu mkono, akasema, "Acha iwe siri yetu." Mauza akakubali kwa furaha. Mke anayependwa haoni shida kuficha jina lake.

Wiki baada ya wiki wafuasi wa Ngurumo pale barazani walipungua, wa Shuwari wakaongezeka. Muhiddin akaanza kula kimya. Akaanza kusema chai haina sukari, hali sukari ile ile. Mauza aliona, akanyamaza, akifikiri ni uchovu wa duka.

Basi Ijumaa hii ya balaa, kabla hajaanza kusoma, Bi Tatu akamuuliza mbele ya watu wote:

"Muhiddin, mwanangu, huyu Shuwari umemtoa wapi? Maana ukifika kwenye habari zake unajikwaa, kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe."

Baraza likaangua kicheko. Muhiddin hakucheka. Akafungua daftari, akasoma kurasa mbili, akafika pale Ngurumo anaporudi nyumbani na kumkuta mkewe amezungukwa na watu. Hapo ndipo alipoinua uso kutazama pazia, akatamka aliyoyatamka.

Ikabidi aitwe Mwalimu Mbaruku aje kuamua, yeye aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa ule. Alikuja na fimbo yake, uso umekunjamana, kwa sababu tangu mwanzo hakuipenda hadithi yenye miungu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Muhiddin.

"Marahaba. Nimeambiwa. Sasa nijibu wewe, si wao. Maneno yale yamo kitabuni?"

Muhiddin alitupa jicho kwenye pazia kwanza. "Yamo, Mwalimu."

"Kama yamo, ulikuwa ukisimulia maneno ya mwingine, na mkeo ni mkeo. Kama hayamo, yametoka moyoni mwako, na ukimkusudia yeye, basi zimepita zote tatu. Hamtarudiana mpaka aolewe na mume mwingine na waachane. Unanifahamu?"

"Nakufahamu, Mwalimu."

"Leteni hilo daftari."

Mwinyimvua akamnyooshea. Mwalimu akarudisha mikono nyuma.

"Sitashika kitabu cha miungu. Wala sitakisoma kwa kinywa hiki. Aliyekinakili nani?"

"Mke wangu," akasema Muhiddin.

"Kesho baada ya alasiri atasoma yeye, kutoka nyuma ya pazia, nasi tutasikiliza. Daftari likae kwake. Na wewe leo usilale humu."

Baada ya isha Muhiddin alirudi, akasimama nje ya mlango wa chumba. Mauza alikuwa ameufunga kwa komeo.

"Mauza. Nifungulie."

"Sijui kama unaruhusiwa."

"Basi nisikilize hapo hapo. Lilinitoka tu. Hasira."

"Ulinikusudia mimi?"

Mlango ukalia, kana kwamba ameuegemea.

"Muhiddin, nakuuliza. Ulipotazama pazia, ulimwona Shuwari au ulinikusudia mimi?"

"Wewe," alisema, na sauti ikamkatika. "Kwa kitambo kile, wewe. Walikuwa wakinicheka, Mauza. Hadithi yangu, mdomo wangu, baraza langu, na wote wanakupenda wewe wala hawakujui."

"Si ungeniambia? Ningemfuta Shuwari siku ile ile."

"Ningekuambiaje? Niseme namwonea wivu mtu wa karatasi?"

Mauza alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, akalia bila sauti. Alikuwa amempenda mtu huyu miaka sita. Hawakujaaliwa mtoto, na hata siku moja Muhiddin hakumsimanga. Alikuwa akimletea machungwa kutoka sokoni, akiyamenya mwenyewe. Na mtu huyo huyo alimtupa mbele ya majirani kwa ajili ya kicheko cha muuza vitumbua.

Kikaratasi kikapenyezwa chini ya mlango. Mwandiko wa kuku, anaujua.

*"Yaandike maneno yale ndani ya daftari. Mwandiko ni wako, hakuna atakayejua. Usome kesho kama yalikuwemo. Nakuomba, usiniache nikupoteze. Muhiddin."*

"Unataka niiandike talaka yangu kwa mkono wangu?" akauliza.

"Ndiyo njia pekee ya kubaki."

"Na Mungu?"

"Nenda kalale, mke wangu," akasema Muhiddin, kisha nyayo zake zikaondoka.

Ukurasa wenyewe wa daftari, pale Muhiddin alipoacha kusoma, ulikuwa na maneno mengine kabisa. Mauza ndiye aliyeyatunga, kwa matumaini ya kipumbavu kwamba mumewe ataelewa. Ngurumo anarudi nyumbani, anawakuta watu wamemzunguka mkewe, anakaa kando yake na kusema: "Hawa ni wako kama walivyo wangu. Nisogezee kigoda." Mauza aliusoma mara mbili. Kisha akauchana, akauchoma kwenye jiko la mkaa, akachovya kalamu katika wino na kuandika mwingine. Alijua anachokifanya. Kama talaka ilikuwa imepita, atakuwa amejifungia ndani na mwanamume asiye mumewe, na kila asubuhi ataamka na jambo hilo. Alijiambia atalibeba. Alimpenda kiasi hicho, na sitaki kumhukumu.

Kesho yake baraza lilijaa kuliko siku ya Idi. Wafuasi wa Ngurumo huku, wa Shuwari kule, kila upande na maoni yake.

"Yatakuwemo," alinong'ona Mwinyimvua. "Ngurumo ni mtu wa hasira, talaka inamfaa kabisa."

"Ngurumo hawezi kumwacha Shuwari," Bi Tatu akajibu. "Atabaki na nani? Huo si uandishi, huo ni ugomvi wa nyumbani." Kisha akashusha sauti, uchangamfu wote umemtoka. "Lakini leo naomba niwe mwongo. Naomba yawemo."

Mwalimu Mbaruku akagonga fimbo chini. "Bibi, anza. Soma yaliyomo, usipunguze wala usizidishe."

Mauza akalifungua daftari nyuma ya pazia. Kupitia uwazi mdogo alimwona Muhiddin amekaa kando ya Mwalimu, macho chini, kanzu ile ile ya jana.

"'Ngurumo alirudi nyumbani,'" akasoma, "'akamkuta mkewe amezungukwa na watu. Akaghadhibika. Akasema, mke wangu...'"

Neno lilikuwa mbele ya macho yake, limekauka vizuri, lakini ulimi ulikataa.

"Endelea, bibi."

"'Mke wangu, nimekuacha kwa...'"

"Mzuie, Mwalimu."

Muhiddin alikuwa amesimama. "Mzuie asimalize. Hayamo."

"Anayasoma, nasi tunasikia," akasema Mwinyimvua haraka. "Kaa chini, bwana. Kaa."

"Ameyaandika jana. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimpenyezea kikaratasi chini ya mlango." Machozi yalimtiririka, hakujisumbua kuyafuta. "Anataka kuingia kwenye haramu kwa ajili yangu, nami nimekaa hapa namsikiliza. Siwezi. Nimeshamdhulumu mara moja."

Mwalimu akailaza fimbo mapajani. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Muhiddin, mwanangu, fikiri kabla ya kunijibu. Jana ulipotamka, ulimkusudia nani?"

"Mke wangu."

"Mauza huyu?"

"Mauza huyu. Na mseme mtakavyosema, lakini mjue. Shuwari si wangu. Kila neno mlilolipenda katika hadithi ile aliliandika yeye. Mimi ni Ngurumo tu."

Bi Tatu alijifunika uso kwa kanga, akasema chini chini, "Ni mimi. Ni mdomo wangu huu." Na hakuna aliyembishia wala aliyemfariji.

"Basi zimepita," akasema Mwalimu Mbaruku. "Bibi atakaa eda humu humu, matumizi juu yako. Wewe utaondoka leo. Mungu awasamehe nyote wawili."

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mapaa ya sokoni wakati Muhiddin alipobaki peke yake barazani. Akasogea mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, akasimama.

"Hodi," akasema.

Miaka sita hakuwahi kubisha hodi pale.

"Subiri," Mauza akajibu kutoka ndani. "Nakutolea sanduku."

Alilitoa, akaliweka kizingitini. Ndani alikuwa amezikunja kanzu zake zote, hata ile iliyochanika kwapa, ameishona asubuhi ile.

"Ungeniacha nisome," akasema. "Nilikuwa nimekwisha kata shauri."

"Najua."

"Tungekuwa sote ndani sasa hivi."

"Najua, Mauza. Nakupenda. Leo zaidi ya siku zote, ndiyo maana."

"Nami nakupenda," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilivunjika. "Kwa hiyo usipite tena mtaa huu. Nitakuitia ndani siku moja, na itakuwa dhambi yangu."

Muhiddin akainama kulichukua sanduku. Kimazoea Mauza alisogea kumsaidia kulitwika, kisha akakumbuka, mkono ukaishia njiani. Akaushusha ushungi mpaka machoni, akarudi nyuma hadi ukutani, akampisha kama anavyompisha mwanamume yeyote asiye wake.