Sura kwenye Ubao wa Msolo

Swaumu aliligundua kosa lake mbele za watu, ndiyo maana alicheka. Miaka mitano alikuwa akifundisha kuchapa picha kwa ubao wa kuchonga, kwenye nyumba yake ndogo ya sanaa pale Nachingwea, na kila warsha aliianza kwa somo lile lile: ukichonga sura, igeuze, maana karatasi huitoa kwa upande wa pili. Siku hiyo ya maonyesho wageni walikuwa wamekuja mpaka kutoka Ruangwa, na mwalimu mwenyewe alikuwa amemchonga binti yake Samia bila kumgeuza. Kwenye picha zote ishirini ukutani, baka la kuzaliwa la shavu la kushoto lilikaa kulia.

"Mwalimu kafeli!" wanafunzi wakamtania. Akawatania na yeye.

Jioni, akimwogesha Samia, mkono wenye sabuni ulisimama. Baka lilikuwa kwenye shavu la kulia.

Alilisugua, halikutoka.

"Mama, unaniumiza," mtoto alisema kwa upole, na Samia wa miaka saba hajawahi kuwa mpole akiogeshwa. Wakati wa kula akamega ugali kwa mkono wa kushoto. Nywele zake, ingawa zilikuwa zimetoka kuoshwa, zilinuka wino. Swaumu alijiambia ni uchovu, akamfunga mgongoni Amri, mwanawe wa miezi sita, akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake saa sita mchana, jua likiwa utosini, akasikia kwaru, kwaru kutoka chumba cha kuchapia, kama mgongo wa mwiko unavyosugua karatasi juu ya ubao. Alikuwa amekifunga kwa kufuli. Alipofungua hakukuta mtu. Akausogelea ubao aliomchongea Samia, akauwekea sikio, na ile sauti ilikuwa inatoka ndani ya mbao, nayo ilikuwa sauti ya kucha.

Alikimbia pekupeku mpaka kwa seremala aliyemuuzia.

"Mzee Eustakio, ule ubao uliutoa wapi?"

Mzee akaacha randa. "Mandawa, mama Samia. Walikuwa wanafungua shamba la ufuta, wakaangusha mti wa msolo. Msolo mkubwa, mzuri."

"Chini yake kulikuwa na nini?"

Eustakio alitazama mlangoni kwanza, akashusha sauti. "Unga. Unga wa tambiko, mweupe, umemwagwa shinani asubuhi ile ile. Nikasema siku hizi nani anatambikia mti? Nisamehe, mama."

Bibi Ashura, mganga wa majini, aliletwa kwa bodaboda kutoka Likunja. Samia alimwamkia vizuri, akampokea na mkoba, kwa mkono wa kushoto. Bibi hakuitikia. Alijifungia na ubao kwa muda mrefu, na alipotoka aliufunga mlango nyuma yake.

"Mwanangu, huyu simuwezi," alinong'ona. "Angekuwa ameiba ningemnyang'anya. Lakini sura amepewa, tena kwa mkono wa mama. Amevaa, katoka. Wako yumo humu ndani."

"Niuchome ubao?"

"Utamchoma nani?"

Akaondoka bila hata kunywa chai. Swaumu aliogopa, na kuliko woga aliona aibu, kwa sababu mlango aliufungua mwenyewe.

Akajaribu la mwisho analolijua fundi: akapaka wino, akachapa, akailaza picha mbichi juu ya karatasi safi ili sura igeuke tena, akasugua huku akiita Samia, Samia, na kule ndani kucha zikimjibu kwa kasi, na Amri mgongoni akilia, na chumba kizima kikinuka unga mbichi, mpaka karatasi ilipobanduka na baka likaonekana kushoto, pale pale alipoliona siku aliyojifungua, akatoka mbio kuvuka ua huku akimshukuru Mungu kwa sauti.

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini akimngoja. Baka lilikuwa kulia.

"Umechoka, mama," alisema. "Nipe Amri nimbembeleze."

Hakumpa. Siku tatu sasa hajamshusha Amri mgongoni, hata akilala analala naye kwa ubavu. Kila mchana huenda kukaa na ubao, anauwekea mkono, na kucha za ndani husogea mpaka chini ya kiganja chake na kutulia. Zinazidi kuwa dhaifu.

Leo mchana aliukuta ubao umegeuzwa. Upande wa nyuma, uliokuwa mtupu, kulikuwa na sura ya mtoto mchanga imechorwa kwa penseli, na kando yake mikato ya kwanza ya patasi, midogo, imeinama kama ya mtu wa mkono wa kushoto. Swaumu alimgeuza Amri, akamtazama. Kishimo cha shavu la Amri kiko kushoto.

Kwenye ubao kilichorwa kulia, kama Swaumu anavyofundisha: sura igeuzwe.