Mchi wa Hana

Guta lao la magurudumu matatu lilipinduka katikati ya korongo, mizigo ya harusi ya Hana ikamwagika, na Gasto akabaki chini, mguu umebanwa na bodi la chuma.

"Shemeji, sikia!"

Emiliana, shangazi wa Hana, alikuwa ameshasikia. Juu yao anga lilikuwa jeupe pe, mchanga mkavu. Lakini kutoka ndani ya vichaka vya Itigi kulikuja mngurumo. Kabla ya kuvuka, Gasto alikuwa ameangalia anga la kwake, akasahau mvua ya jirani, huko juu korongo linakotoka. Vikatangulia povu na vijiti, kisha maji yenyewe, mekundu, yakamfika tumboni.

Emiliana alikata tawi ukingoni kwa panga, akalichomeka chini ya bodi, akalilalia. Likavunjika. La pili likapinda kama bua la mtama.

"Nenda kaite watu," Gasto alisema, meno yanagongana.

"Nirudi nao wakute nini, kofia yako? Nyamaza."

Ndoo ikapita inaelea. Sufuria la harusi likapita. Ndipo alipoukumbuka mchi. Kwao shangazi ndiye humpelekea bibi harusi mchi, na yeye alimchongeshea Hana wa mpingo, kiini kitupu, mweusi ti, mti ambao mchwa huupita kama hawaujui. Njia nzima Gasto alicheka: "Mzito hivyo, kwani Hana anaolewa na fundi chuma?"

Mpingo hauelei. Basi ulikuwa palepale ulipoanguka! Akapapasa kwa nyayo, akaukanyaga, akaupandisha. Ncha moja chini ya bodi, jiwe katikati, uzito wake wote juu.

"Vuta mguu, mwanaume! Vuta, sijaja kuzika mtu mimi!"

Chuma ndicho kilichopinda. Gasto akajivuta, akalia, akatoka. Wakapanda ukingo kwa magoti huku guta likiondoka na maji.

Akamfunga mguu kwa kitenge, akampa mchi autegemee. Walijikokota vichakani, miiba ikiwachana, hadi relini, ambako mafundi wa reli waliwapakia kwenye kiberenge mpaka Itigi.

Nyumba ya harusi ilikuwa imejaa wanawake, vinu vinalia. Dorkas, mama wa bibi harusi, akashika kiuno.

"Jamani! Mchi wa mwanangu umegeuzwa mkongojo?"

Gasto akachechemea hadi kwenye kinu, akashika bega la Emiliana, akainua mchi kwa mkono mmoja. Du! Mtama ukaruka.

"Mwanaume anatwanga?" Dorkas aliuliza.

"Anatwanga. Mnaotaka kucheka chekeni, kina mama. Mimi nilishacheka asubuhi."