Kilichomuunguza Kibonge

Binti huyo walimwita Cherehani kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Darasani ilicheza chini ya dawati mpaka mwenzake wa pembeni akaomba kuhamishwa. Mezani iligongagonga stuli. Hata alipolala, shuka liliamka limejikunja miguuni kama kamba.

Kila siku masomo yalipokwisha, alipita hospitalini kumngoja mama yake. Mama alikuwa karani katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kusoma alichoandika daktari, kisha kuupa kila ugonjwa na kila jeraha namba yake. Kwa namba hizo hospitali ilijua watu wanaumwa nini, wanaumia kwa sababu gani, na iagize dawa zipi. Chumba kilikuwa na makabati ya chuma, feni iliyolalamika, na kiti kimoja cha mgeni ambacho Cherehani alikizungusha bila kuchoka.

"Mama, mbona huyu umemkalia muda mrefu hivyo?" aliuliza siku moja. "Si ameungua tu? Kuungua ni kuungua. Mpe namba moja, twende zetu."

"Ungekuwa wewe mkuu wa hospitali hii, tungekwisha kuifunga," mama alijibu bila kuinua macho. "Ameungua wapi? Kwa kina gani? Eneo kubwa kiasi gani? Kiganja cha mgonjwa mwenyewe ni kama sehemu moja katika mia ya mwili wake. Hicho ndicho kipimo chetu cha haraka. Na mwisho, nini kilichomuunguza?"

"Moto, basi!"

"Si lazima. Moto, mvuke na uji wa moto vina kundi lao la namba. Dawa kali zinazochoma, kama tindikali, zina kundi jingine, mbali kabisa. Chai ikimwagika hupoa. Dawa kali haina habari ya kupoa. Huendelea kula ngozi kimyakimya, hata baada ya mgonjwa kuacha kulia."

"Na daktari akisahau kuandika kilichomuunguza?"

"Nainuka, namfuata, namuuliza. Sibuni, mwanangu. Hebu acha kukizungusha hicho kiti, kitang'oka."

Nyumbani kwao aliishi pia shangazi, dada wa baba, ambaye alitengeneza sabuni na kuziuza. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati uani. Humo alikuwa na mapipa ya mafuta, vibao vya kukatia sabuni, na ndoo nyeupe aliyoyeyushia kostiki, ile dawa kali inayofanana na chumvi ya mawe, ambayo ikitiwa majini hufuka mvuke kana kwamba imewekwa jikoni. Shangazi hakuisogelea ndoo ile bila glavu ndefu na mabuti. Ikishayeyuka, aliiacha ipoe kabla ya kuichanganya na mafuta.

Jumamosi moja mama alikuwa zamu. Shangazi alikwisha kuyeyusha kostiki yake, ndipo alipogundua kwamba mafuta hayatatosha.

"Nakwenda dukani mara moja," alimwambia Cherehani. "Mwangalie mdogo wako. Na ndoo ile msiikaribie."

"Sawa, shangazi."

"Sitaki sawa ya mdomoni. Nataka sawa ya miguuni."

Mdogo wake alikuwa mtoto wa miaka minne, mnene, mwenye mashavu kama maandazi, na kila mtu alimwita Kibonge. Aliketi mlangoni akisukuma kigari cha kopo. Cherehani alifagia uwanja. Alipomaliza, alifagia tena. Kisha miguu ikampeleka kibandani. Alitaka tu kuona maji yanayojichemsha yenyewe. Akachukua mwiko mrefu wa shangazi na kuinua kifuniko kwa ncha yake.

"Na mimi nione!" Kibonge alisema nyuma yake, akaushika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

Ndoo iliinama. Maji meupe yaliruka, yakamwagikia mguu wa Kibonge kutoka goti hadi vidoleni. Kwanza mtoto alishangaa. Halafu akapiga ukelele uliowafanya kuku wa jirani kutawanyika.

Cherehani hakuita mtu. Alimvuta hadi nje, akamvua suruali, akammwagia jagi moja la maji, akaitupa suruali nyuma ya pipa. Kifuniko alikirudisha mahali pake. Kisha alifanya jambo baya kuliko yote: alimwingiza Kibonge jikoni, akaichukua chupa ya chai na kuimimina sakafuni. Shangazi alipoingia akikimbia, aliyakuta majani ya chai yametapakaa na Kibonge akigaagaa.

"Chai, shangazi! Amejimwagia chai!"

Shangazi hakuuliza la pili. Alimbeba mtoto kifuani, akamwita jirani mwenye gari, wakaenda.

Katika chumba cha majeraha, muuguzi alimlaza Kibonge juu ya kitanda chenye mpira na kuuosha mguu wake kidogo. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, aliuliza kilichomuunguza.

"Chai, daktari," shangazi alisema huku akihema.

Daktari alimgeukia Cherehani. "Wewe ndiye uliyekuwa naye? Ilikuwa ya moto sana?"

"Ndiyo." Neno lilimtoka jembamba kama uzi. Daktari akaandika.

Mama aliingia mbio, kitambulisho kikimning'inia shingoni. Alikaa kando ya kichwa cha Kibonge, akamshika mkono. Kwa desturi ya chumba chao, karani hampi namba mtu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo mwenzake, mzee waliyemwita Babu Miwani, alisimama mlangoni akisubiri daktari amalize.

Cherehani alikwenda dirishani. Akarudi. Akasoma tangazo la kunawa mikono bila kuelewa hata neno moja. Akatoka ukumbini, akageuka kabla ya kufika mwisho, akaingia tena.

"Kaa chini, mwanangu, unatutia kizunguzungu," mama alisema.

Alikaa. Miguu ikaanza kucheza.

"Afadhali, amenyamaza," shangazi alinong'ona. "Maumivu yamepungua, wifi."

Kweli, Kibonge alikuwa amenyamaza. Alikuwa na kwikwi kidogo tu, macho yakimlegea. Watu wazima wote walipumua. Cherehani peke yake ndiye aliyesikia tena sauti ya mama kutoka siku ile ya feni na kiti: hata baada ya mgonjwa kuacha kulia.

"Ajabu," muuguzi alisema, akipitisha kidole chenye glavu juu ya ugoko wa mtoto. "Ngozi yake inateleza. Mmempaka kitu huyu? Mafuta? Sabuni?"

"Hatukumpaka chochote," shangazi alijibu. "Tumekuja naye moja kwa moja."

Daktari aliinama akatazama, akakunja uso. Muuguzi alikwisha kufungua bendeji. Ncha yake nyeupe iligusa kidole gumba cha Kibonge, ikaanza kuzunguka, mzunguko wa kwanza, wa pili.

Cherehani aliruka kutoka kwenye kiti, kikaanguka.

"Si chai!" alipiga kelele. "Usimfunge! Ni kostiki ya shangazi. Niliifunua mimi. Chai niliimwaga baadaye ili msijue!"

Daktari aliushika mkono wa muuguzi.

"Bendeji itoke," daktari alisema. "Bomba lifunguliwe. Maji mengi, yatiririke, wala tusiyafunge mpaka niseme."

Hakuna aliyemkaripia. Hilo lilimuumiza kuliko kofi. Walimsogeza Kibonge kwenye sinki kubwa. Muuguzi alimvisha Cherehani glavu na aproni ya plastiki, akamkabidhi mpira wa maji.

"Shika hapa. Maji yaanzie gotini, yashuke hadi vidoleni. Usiutikise."

Kibonge alianza kulia upya, akapiga mateke, akamwita dada yake majina yote mabaya aliyoyajua, na kwa umri wake yalikuwa mawili. "Mbuzi wewe! Mbuzi! Kinyago!" Cherehani alilia naye, lakini mpira haukutikisika. Kila baada ya muda daktari aligusa ngozi kwa kipande cha karatasi kinachobadilika rangi, akatikisa kichwa. Maji yakaendelea. Mikono ya Cherehani ilikufa ganzi. Hatimaye karatasi haikubadilika tena.

"Sasa imetoka," daktari alisema. "Kuna sehemu moja ugokoni, kama kiganja chake mwenyewe, imeungua kwa kina. Atabaki na kovu. Kwingine kutapona vizuri. Tungemfunga vile, dawa ingeendelea kumla chini ya bendeji, na sisi tungekaa tukisema amelala salama."

Babu Miwani alisogea. "Kwa hiyo niache kundi la vimiminika vya moto?"

"Liache. Andika dawa kali."

Alimtazama Cherehani juu ya miwani yake. "Ningempa namba safi kabisa ya chai, binti. Isiyo na kosa hata moja, na ya uongo mtupu." Akaondoka akiburuta viatu.

"Suruali yake iko wapi?" shangazi aliuliza kwa sauti kavu.

"Nyuma ya pipa. Nisamehe, shangazi."

"Usiiguse. Nitaiokota mimi kwa glavu." Kisha akamgeukia mama, na sauti ikalegea. "Na mimi nina langu, wifi. Niliacha ndoo ile chini, kifuniko kimeegeshwa tu, nikamwachia mtoto ailinde. Leo hii kibanda kitapata kufuli."

"Kitapata," mama alisema. "Na huyu atamleta mdogo wake kuosha kidonda kila tutakapoitwa, mpaka kifunge, nami nitakuwa nao. Hakuna kucheza kabla ya hapo."

Jioni ilipokaribia, Kibonge aliketi kitandani akila biskuti, mguu umefungwa bendeji mpya. Cherehani alikuwa kwenye kiti kando yake. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, akiwa na wasiwasi.

"Mama," alisema, makombo yakimdondoka, "miguu ya dada nayo imeungua? Haichezi."

Mama alitazama chini ya kiti. Miguu ya Cherehani ilikuwa imekaa sambamba sakafuni, imetulia tuli.

"Haijaungua," mama alisema, akamwekea Cherehani mkono kichwani. "Imechoka kukimbia. Sikia, mwanangu: kufunua ndoo lilikuwa kosa, na kosa tulikuwa na maji ya kuliosha. Uongo ndio ulioyafunga maji hayo. Daktari hutibu kile alichoambiwa. Ukikosea tena, na utakosea, njoo useme siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, kabla bendeji haijafungwa."